Sikio Lisilojua Utani

Dokta Shemweta alikuwa bado nje ya mlango wa wodi, mkono juu ya kitasa, aliposikia mke wake anacheka.

Hakikuwa kicheko cha kumridhisha mgeni. Kilikuwa kile chenyewe, kinachoanzia tumboni na kufurika kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, kile kilichomfanya aoe mwanamke wa Songea wakati mama yake mzazi alishamtafutia mchumba kwao Lushoto. Alidhani ugonjwa ulishakizika. Moyo ulimruka kwa furaha, na kabla furaha haijakaa vizuri, ukamuuma, kwa maana sauti iliyofuata ilikuwa ya mwanamume.

"We mtumwa wangu, bado hujafa tu? Mchele nimeshanunua. Mbuzi nimemfunga uani, kila asubuhi ananiuliza, Kikoti, lini? Nimjibu nini mbuzi wa watu?"

"Mjibu kwamba Mngoni hafi mbele ya Mhehe," akasema Skolastika huku anakohoa na kucheka kwa pamoja. "Babu zako walikimbia mpaka wakasahau viatu. Na wewe nenda kakimbie!"

Shemweta akafungua mlango. Kama kawaida yake macho yalikwenda kwanza ukutani, juu ya kitanda, penye namba ya uzima. Namba ilikuwa imepanda kuliko ilivyowahi kupanda tangu mkewe aanze tiba ya mvuke. Kando yake, taa ya Sikio ilikuwa inawaka nyekundu.

"Aa, shemeji, karibu," alisema Kikoti, akisogeza kiti kama mwenye nyumba anayepokea mgeni. "Karibu sana, jisikie nyumbani."

Shemweta alikaa. Hakujisikia nyumbani hata kidogo.

Huyu Kikoti alikuwa mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, mrefu, mwenye pengo la mbele na koti zito linalonuka msonobari. Alikuja hospitali ya Makambako kumuuguza kaka yake katika kitanda cha jirani. Kaka alipona akarudi kwake kulima mahindi. Kikoti akaendelea kuja, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu siku ya kwanza tu alimsikia Skolastika akitaja jina la ukoo wao, Mbano, akapiga makofi na kusema kwa sauti ya kusikika wodi nzima kwamba leo amempata mtumwa aliyemtoroka tangu enzi za mababu. Ndivyo Wahehe na Wangoni walivyo. Walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani, na tangu hapo hutukanana kwa haki waliyorithi.

Shemweta alilijua hilo vizuri. Hakuna aliyekulia nchi hii asiyelijua. Tatizo lake siku ile halikuwa kukosa ujuzi.

Alimsubiri mtu yule aage, akamlisha mkewe uji, akamuuliza maumivu yako wapi, akamuuliza usingizi ulikuwaje. Skolastika alijibu vizuri, kwa adabu, kama mwanafunzi anayejibu mwalimu. Namba ukutani ikateremka taratibu mpaka pale ilipozoea kukaa.

*

Namba ile haikuwa pambo. Chini ya mfupa wa bega la Skolastika kulikuwa na ushanga mdogo uliosoma pumzi, damu, usingizi na uchungu, na kuvigeuza vyote kuwa punje. Siku nzima ya afya kamili ilikuwa punje moja. Siku ya kulala chali ukihesabu mabati ilikuwa robo, au chini ya robo. Taasisi ya Mizani, ambako Shemweta alikuwa mchumi wa afya, ndiyo iliyopima kila tiba kwa punje hizo. Tiba ikirudisha punje zinazolingana na gharama yake, nchi inaendelea kulipa. Isiporudisha, inaondolewa kwa mgonjwa huyo na kupewa mwingine aliye foleni. Hakuna rushwa, hakuna mjomba wizarani. Shemweta alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba huo ndio uungwana wa mwisho uliobuniwa na binadamu, na alikuwa akiuamini.

Mvuke wa Skolastika ulikuwa ghali mno. Ulikuwa chembe hai, zilizooteshwa maabara, zikavutwa kwa pumzi ili zikashone upya mapafu yaliyokakamaa. Siku yake ya kupimwa ilikuwa imekaribia.

Na kwa vile nchi haikutaka kulipia dawa sifa zisizo zake, kila wodi ilikuwa na Sikio. Sikio lilisikiliza kinachomzunguka mgonjwa. Amekunywa supu? Ametembelewa? Amefokewa? Kinachoongeza kilihesabiwa kando, na kinachopunguza kiliondolewa. Aliyeandika kanuni za Sikio, nini kiitwe cha kuongeza na nini cha kupunguza, alikuwa Shemweta mwenyewe.

Sista Tusajigwe, muuguzi wa zamu, alimkuta kwenye baraza.

"Dokta, pole na mgonjwa. Kuna jambo. Sikio limemtia alama yule mgeni wa mama. Kutishia kifo, kudhalilisha, kumwita binadamu mtumwa. Leo alama zimejaa."

"Limesikia sawasawa," alisema Shemweta.

"Basi mlango utamfungia, isipokuwa ndugu wa mgonjwa akipinga. Unapinga?"

"Na mgonjwa mwenyewe anasemaje?"

Sista akamtazama kwa mshangao wa heshima. "Mgonjwa haulizwi, Dokta. Si kanuni yako?"

Ilikuwa yake. Aliiandika kwa nia njema, baada ya kuona wagonjwa waliopigwa na waume zao wakiapa kwamba wameteleza bafuni. Mtu anayeonewa humtetea anayemwonea, ndivyo alivyoandika, kwa hiyo aulizwe ndugu. Mkuki kwa nguruwe.

"Mimi Mnyakyusa, si ugomvi wangu," Sista akaongeza taratibu. "Lakini yule ni mtani wake. Unajua."

Shemweta alijua. Alikuwa pia ameuona mchoro wa punje za mkewe, kila mlima wake umesimama juu ya siku aliyokuja Kikoti, na kila bonde limelala juu ya siku aliyokuja yeye. Wivu kwa kawaida hauhitaji shahidi. Wake ulikuwa na shahidi, tena wa kisayansi. Wivu ni kidonda, walisema wahenga, ukishiriki utakonda, ila hawakusema mtu afanye nini akiletewa kidonda hicho kimechorwa kwa rangi.

"Acha kanuni ifanye kazi yake," alisema.

Alishuka ngazi akisikia utamu kifuani, utamu wa mtu aliyemtoa mwenziwe nje bila kunyanyua mkono. Ulidumu mpaka alipofika getini.

*

Kikoti alikuja kesho yake na mlango haukumfungukia. Walisema alisimama pale kidogo, akaulizia, akaambiwa, akavua kofia, akaondoka bila kumtukana mtu. Waliomfahamu walisema hicho ndicho kilichowatisha.

Shemweta akawa anakuja asubuhi na jioni. Alileta maua, alileta parachichi za Njombe, alileta redio. Namba ukutani ikawa inashuka kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, na yeye akawa anaitazama na kukokotoa. Daktari wa mapafu alimweleza jambo alilopaswa kulijua kabla hajafungua mdomo kwenye baraza. Mvuke hauingii katika pafu lililojikunja. Kifua kinachocheka hufunguka hadi chini, na chembe zile hupata pa kushika. Kifua kinachobembelezwa hubaki pale pale.

"Kwa hiyo dawa haifanyi kazi?" aliuliza Shemweta.

"Ilikuwa inafanya. Sasa inaishia kooni."

Basi akajaribu. Na hapa ndipo mtu wa heshima zake anapotia huruma. Alikaa nyumbani akajifunza, akajiangalia kwenye kioo, akaingia wodini jioni ile na kusimama miguuni pa kitanda.

"Ee, mtumwa wangu," alisema. "Bado hujafa?"

Alisema kwa sauti ya upole, ile ya kuwasomea watu matokeo. Taa ya Sikio, lililopima neno pamoja na ukali wa sauti, haikushtuka hata kidogo, ikabaki kijani. Skolastika aligeuza kichwa kwenye mto akamtazama.

"Unataka nife, Baba Hilda?"

"Hapana! Hapana, Skola, nilikuwa... ni utani tu."

"Utani na nani? Wewe Msambaa. Una utani gani na Mngoni?" Akafumba macho. "Usiniambie tena hivyo. Nimesikia baridi."

Namba ikashuka chini ya mstari wa Mizani, pale tiba inapoondolewa, taa ikiwa kijani kibichi. Shemweta alikaa kitini, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Baada ya muda mkewe akauliza, macho bado yamefumba, "Kikoti yuko wapi?"

"Labda ana shughuli."

"Mhehe hana shughuli ya kumzuia kumdai mtumwa wake. Amefungiwa, siyo? Sista Tusa haniangalii usoni siku hizi." Akafumbua macho. "Na wewe uliulizwa. Lazima ndugu aulizwe. Ulinisomea kanuni hiyo mwenyewe, mezani kwetu, ukaniuliza kama ni ya haki, nikasema ni ya haki."

"Sikio lilisikia vitisho, Skola."

"Na wewe ulisikia nini?"

Angeweza kusema mengi. Alikuwa na maneno ya kitaalamu ya kutosha kumfunika mtu hadi unyayoni. Yaliyotoka ni mengine.

"Nilisikia unacheka," alisema. "Kwangu hucheki. Mimi nikija unakuwa mgonjwa, yule akija unakuwa Skola. Nilisikia uchungu. Bado nasikia."

Skolastika akavuta pumzi, ikagoma nusu ya safari, akaivuta tena.

"Nyote mnakuja kuangalia kama napona," alisema. "Nikikuona natengeneza sura, nisikuvunje moyo. Kazi ngumu hiyo. Yule hanihurumii. Anakuja kunidai. Mtu anayedaiwa bado yuko hai, hujui?" Akapumzika. "Nimemwomba aniige msibani. Siku hiyo avae khanga yangu, atembee kama mimi, akohoe kama mimi, watu wacheke huku wanalia. Kwetu mtu haendi kaburini bila mtani. Alikuwa ananisoma, Baba Hilda. Alikuwa amekaribia kunimaliza. Na hilo nalo umelifungia mlango."

Ingekuwa rahisi kusema kwamba pale pale wivu ulimtoka. Haukumtoka. Ulipanda. Mwanamume mwingine alikuwa amekaa kando ya kitanda hiki akimsoma mke wake, jinsi anavyokunja khanga, jinsi anavyosafisha koo kabla ya kusema jambo zito, na yeye mumewe, aliyekuwa na kila punje yake ndani ya kompyuta, hakuweza hata kumwiga anavyopiga chafya. Alitaka kumchukia mtu huyo kwa amani. Lakini siku ya Mizani ilikuwa wiki ijayo, na mvuke ukiondoka, hakutakuwa na Skolastika wa kumwonea wivu.

*

Sikio halikukosea kwa ujinga. Lilifundishwa lugha ya madhara kutoka mashauri ya mabaraza ya kata, maelfu kwa maelfu ya watu waliotishana, waliotukanana, walioitana watumwa na wachawi. Shemweta mwenyewe aliyachagua, akajisifu kwamba ni sauti halisi za wananchi. Lililompita ni dogo. Mtani hashtakiwi. Tangu mabaraza yawepo, hakuna aliyewahi kusimama mbele ya wazee kulalamika kwamba mtani wake amemtakia kifo. Angechekwa hadi nyumbani. Kwa hiyo katika mashauri yote yale Sikio lilikutana na maneno hayo kutoka kwa maadui peke yao, likadhani hayana wasemaji wengine.

Kulisahihisha kulikuwa na njia moja. Aliyetiwa alama aje kwenye chumba cha kusikiliza cha Mizani, arudie aliyoyasema, na ndugu aliyeacha mlango ufungwe akae naye uso kwa uso, atoe hukumu ya kila neno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shemweta alipiga simu Mafinga.

Kikoti alikuja na koti lake, na kifurushi cha gazeti kwapani. Alisalimia kwa heshima, akakaa. Hakutania.

"Bwana Kikoti," alisema Shemweta, "nilikufungia mlango kwa wivu. Si kwa kanuni. Nataka ujue kabla hatujaanza."

"Nilijua, shemeji. Na mimi nina mke." Akafungua gazeti, akatoa khanga. Shemweta aliitambua, ya kahawia na njano, yeye mwenyewe ndiye aliyemnunulia Skola. "Alinipa nijifunzie. Nianze?"

"Anza."

Mtu yule mrefu mwenye pengo akajifunga khanga kiunoni, akaivuta upande wa kushoto, akaikaza kwa kidole gumba kimoja. Akasafisha koo mara mbili, ya kwanza fupi. Na Skolastika akawa chumbani. Shemweta alishika ukingo wa meza.

"We Mhehe," alisema Kikoti kwa sauti ya Skola, "nitakufa nikipenda. Na wewe utanichimbia kaburi kwa meno, maana jembe utakuwa umeliuza."

Taa ikawaka nyekundu. Sauti ya Sikio, tulivu, isiyo ya mume wala mke, ikauliza: "Maneno haya yanapunguza?"

"Hayapunguzi," alisema Shemweta.

"Sababu?"

"Ni watani."

Kikoti akageuka kuwa Kikoti, akamdai Skola mbuzi, akamwita mtumwa. Hayapunguzi, watani. Akawa Skola tena, akalaani ukoo mzima wa Kikoti na mbao zao. Hayapunguzi, watani. Ilikuwa kazi ya kuumiza na ya kuchekesha, na mara mbili Shemweta alicheka bila kupenda, mara moja akalazimika kutazama sakafu. Aliyekuwa anatibiwa pale hakujulikana.

Kisha Kikoti akasimama kidogo, kama mtu anayepima ubao kabla ya kukata, na kuendelea kwa sauti ya Skola ileile.

"Ananijia kila siku, mume wangu. Anafungua mlango, anaangalia ukuta. Akishaona ukutani nimeamkaje, ndipo ananisalimu. Nimeolewa na mwanamume, Kikoti, lakini ukuta ndio wenye mume."

Taa ilikuwa nyekundu.

Kikoti akafungua khanga, akaikunja taratibu. "Hilo la mwisho alilisema kwa utani, lakini kuhusu wewe, na mimi nimekutamkia wewe usoni. Mimi na wewe hatuna utani, shemeji. Mhehe na Msambaa wapi na wapi? Kwa hiyo hilo limekuwa tusi kamili. Nisingelificha wakati nimeitwa kusema yote. Hukumu."

"Maneno haya yanapunguza?" liliuliza Sikio.

Ulikuwa mlango umeachwa wazi mbele yake. Neno moja tu, tena la kweli kikanuni, na mtu huyu angerudi Mafinga na khanga yake. Kifua kilimuuma, maana ilikuwa kweli, aliuona ukuta ule hata sasa akifumba macho, namba ya kijani inayong'aa, na chini yake uso ambao hakuweza kukumbuka jana ulikuwaje.

"Hayapunguzi," alisema.

"Sababu?"

Alitafuta sababu. Sikio halikukubali kuumia kuwa sababu, wala ukweli. Lilijua jambo moja tu jipya, nalo alilifundisha yeye saa ileile.

"Nimeoa kwao," alisema Shemweta polepole, mwenye shahada zake, mwandishi wa kanuni. "Aliyeoa mtumwa, naye ni mtumwa. Andika kwamba mimi pia ni mtumwa wa bwana huyu. Na andika kwamba ziara zake ni sehemu ya tiba. Natia saini."

Taa ikawa kijani. Kikoti alimtazama, midomo imebana, halafu pengo likaonekana.

"Mtumwa mwenyewe mwembamba," alisema. "Hata kubeba mbao hawezi. Nimepata hasara."

*

Walifika wodini mchana, saa ya uji. Sista Tusajigwe aliwaona wakija pamoja kwenye baraza akajifanya anahesabu shuka. Mlangoni Kikoti alirudi nyuma hatua moja, akampisha mwenziwe.

Shemweta akafungua. Shingo yake, kwa mazoea, ilianza kunyanyuka kuelekea ukutani, akaizuia. Akamtazama mkewe. Alikuwa amekonda upande mmoja wa uso, upande wa kulalia. Nywele zilikuwa zimesukwa upya, mtu alimsuka, na yeye hakuwa amejua. Alikuwa anamtazama pia, akiwa tayari anatengeneza ile sura ya kumtia mumewe moyo.

"Umekuja na nani?" aliuliza Skolastika, kwa kuwa alisikia harufu ya msonobari.

Wivu ulikuwa bado upo, umekaa palepale chini ya mbavu, na Shemweta alijua hautahama leo wala kesho. Akavua kofia.

"Nimekuja na bwana wetu," alisema. "Ametudai sote wawili."

Skolastika alimkodolea macho. Ile sura ikamvunjika, na kutoka tumboni, kikigonga mbavu, kikapanda kile kicheko. Alicheka mpaka akashika shuka, mpaka Kikoti mlangoni akaanza kudai mbuzi wake ili asibaki nyuma. Ukutani namba ilikuwa inapanda. Ilifika ngapi, Shemweta hakuiona.